Kuirekebisha Mashine ya Ndimi ili Viungo Vikae Sawasawa

Hewa ya Mombasa ni nzito kwa unyevu karibu mwaka mzima, na mbao huijua hewa hiyo kabla ya fundi. Mlango uliounganishwa kwa ndimi zilizolegea hauchukui miaka kudhihirisha kasoro yake: masika moja hutosha kuufanya ulale upande wa kufuli, ukwaruze sakafu, na mabega ya viungo yaachane mpaka kadi ipite. Ndiyo maana ni muhimu kueleza kwa kirefu namna ya kuirekebisha mashine ya ndimi, yaani ile yenye meza ya kuteleza na vichwa viwili vya visu, kimoja juu na kimoja chini, ambayo ncha ya ubao hupitishwa kati ya vichwa hivyo na kutoka ikiwa na ulimi, yaani ncha iliyopunguzwa unene ili iingie katika tundu la ubao mwingine. Nyuso mbili pana za ulimi huitwa mashavu, na mahali unene wa ubao unapokatwa shinani mwa ulimi huitwa mabega.

Naamini kwamba sehemu kubwa ya makosa yanayolaumiwa mashine hutokana na mfuatano mbaya wa kazi. Fundi huanza kuzungusha magurudumu kabla hajaamua ni kitu gani kitafuatwa na kingine, kisha kila rekebisho analolifanya huliharibu lile lililotangulia. Tundu ndilo linalotangulia na ulimi hulifuata. Uso mmoja wa ubao ndio unaopimiwa kila kitu. Kichwa cha chini huwekwa kabla ya cha juu. Fundi akiushika mfuatano huo, hata mashine kuukuu ya chuma cha kusubu, iliyotumika kwingine kabla ya kusafirishwa kwa meli mpaka Kilindini, itamtolea ndimi sahihi.

Umeme na visu

Kazi yoyote ya kushika visu huanza kwa kuzima swichi kuu ya mashine, si kitufe cha kuizimia peke yake, na ni vyema swichi hiyo ifungwe kwa kufuli ambalo ufunguo wake unakaa mfukoni mwa anayerekebisha. Vichwa huendelea kuzunguka kwa muda baada ya umeme kukatwa, kwa hiyo subiri mpaka visimame kabisa. Mashine nyingi za aina hii hutumia umeme wa nyaya tatu wa volti 415, na mota ya kawaida ya nguzo mbili za sumaku kwa umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika. Nyaya mbili kati ya hizo tatu zikibadilishana nafasi, mota hugeuka na kuzunguka kinyumenyume. Kwa hiyo kila mara mashine inapohamishwa, au fundi wa umeme anapogusa sanduku la swichi, iwashe kwa mpigo mmoja mfupi bila ubao mezani na uangalie mwelekeo wa kila kichwa kinapopunguza mwendo. Kichwa kinachozunguka kinyume hakikati, na nati inayokishika inaweza kulegea.

Visu vya kichwa kimoja vinapaswa kuwa na uzito sawa. Vikishanolewa vipimwe kwa mizani ndogo, na kile kizito kipunguzwe kwa kusagwa mgongoni, kwa sababu tofauti ndogo ya uzito kwa mwendo huo huleta mtetemo ambao baadaye utaonekana kama mawimbi kwenye mashavu ya ulimi. Vikiwekwa kichwani, vyote vijitokeze kwa kiasi kilekile, na ncha mbili za kila kisu zipimwe, si moja tu. Njia nyepesi ni kutengeneza kipande cha mti mgumu kilichokatwa hatua ndogo inayolingana na kiasi cha kujitokeza, kisha kukiegemeza kwenye kichwa na kukizungusha kichwa taratibu kwa mkono mpaka kila kisu kikiguse kipande hicho kwa namna ileile. Mwenye kipimo chenye uso na mshale kama wa saa, chenye kusoma sehemu ya mia ya milimita atapata uhakika zaidi. Kisu kimoja kikizidi kingine kwa milimita 0.1, hicho ndicho kitakachofanya karibu kazi yote peke yake, na makali yake yataisha mapema. Bolti zikazwe kuanzia katikati kuelekea pembeni, kwa mizunguko miwili, wala zisikazwe mara moja kwa nguvu zote.

Pembeni mwa kila kichwa, upande wa bega, kuna visu vidogo vya kuchanjia. Kazi yake ni kuzikata nyuzi za mbao kabla visu vikubwa havijazing'oa, na bega safi hutegemea hivyo kuliko kitu kingine chochote. Vinapaswa kuvizidi visu vikubwa kwa takriban nusu milimita. Vikijitokeza pungufu, bega litakuwa na manyoya. Vikizidi sana, vitaacha mfereji kwenye shina la ulimi, mahali ambapo mlango unapovutwa kwa nguvu ndipo panapobeba mzigo wote.

Neno moja kuhusu mvule, kwa kuwa milango mingi mizuri ya pwani hutengenezwa kwa mti huo. Ndani yake hujificha vijiwe vya chokaa ambavyo havionekani mpaka kisu kivigonge. Baada ya kupitisha mbao za mvule, kagua makali kwa jicho na mwanga, maana pengo dogo kwenye kisu huacha mstari uliovimba kwenye shavu la ulimi, na mstari huo utakufanya uamini kwamba ulimi ni mnene kuliko ulivyo. Vumbi la mvule pia huwasha ngozi na kifua, hivyo barakoa na kinyonya vumbi ni vya lazima.

Meza na kiegemeo

Hewa yenye chumvi huishambulia meza ya chuma usiku mmoja tu ikiachwa wazi. Ondoa kutu kwa msasa laini, ondoa utomvu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha paka nta na uifute mpaka ing'ae. Mafuta ya injini hayafai juu ya meza, kwa sababu hushika vumbi na kutia mbao madoa ambayo gundi na vanishi hazitashika juu yake. Reli ambazo meza hutelezea zisafishwe vilevile. Kisha ishike meza kwa mikono miwili ujaribu kuitikisa kushoto na kulia, juu na chini. Ikicheza, kaza magurudumu au vipande vya kubania vilivyo chini yake mpaka mchezo huo uishe huku meza ikiendelea kuteleza kwa msukumo mwepesi. Hakuna rekebisho la visu litakaloponya meza inayocheza.

Kiegemeo, yaani ule ukuta ambao ubao huegemezwa juu ya meza, sharti kikae kwa pembe ya nyuzi 90 na mwendo wa meza. Guni, kile kifaa cha kupimia pembe mraba, hutosha kwa kuanzia, lakini halitoshi kwa kumalizia. Chukua vipande viwili vya mbao vyenye upana wa milimita 200 hivi, kingo zake zikiwa sambamba, ukate ncha ya kila kimoja kwa msumeno uliofungwa kwenye mashine hiihii, kama upo, au ukate bega lake. Vilaze juu ya meza iliyonyooka, kingo zake zikiegemea rula moja ndefu, kimoja kikiwa kimepinduliwa juu chini, na uzisogeze ncha mbili zilizokatwa mpaka zigusane. Zikigusana kote, kiegemeo kiko sawa. Zikiacha upenyo upande mmoja, upenyo huo ni mara mbili ya kosa lenyewe, kwa hiyo kirekebishe kiegemeo kwa nusu yake tu. Karatasi ya kawaida ya ofisi ina unene wa takriban milimita 0.1, na kipande chake kikiwekwa nyuma ya mwisho mmoja wa kiegemeo mara nyingi humaliza shida ambayo bolti imeshindwa kuimaliza.

Unapokuwa hapo, funga kwenye kiegemeo kipande cha mti cha kuukingia ubao mahali visu vinapotokea. Bila kipande hicho, nyuzi za ukingo wa mwisho zitachanika kila mara, hata visu viwe vikali namna gani. Kibadilishwe kila unapobadili kipimo cha ulimi, kwa kuwa kilichokwisha kuliwa na visu hakikingi tena.

Mbao na tundu kwanza

Mbao zote za kazi moja zipigwe randa siku moja na kwa kipimo kimoja. Tuchukue mfano wa mlango wenye mbao za milimita 45. Desturi ya mafundi ni kuufanya ulimi kuwa karibu theluthi ya unene wa ubao, ambayo hapa ni milimita 15, na patasi ya mashine ya tundu iliyo karibu na kipimo hicho ni ya 16. Basi ulimi utakuwa wa 16, si wa 15, kwa sababu tundu hufuata patasi na ulimi hufuata tundu.

Toboa matundu yote kabla ya kukata ulimi hata mmoja. Kisha pima tundu lenyewe kwa kalipa, yaani kifaa cha taya mbili cha kupimia upana na unene, mahali patatu au pane, wala usiamini namba iliyochongwa kwenye patasi, maana patasi iliyonolewa mara nyingi au iliyokaa kombo kidogo hutoboa tundu la kipimo chake yenyewe. Tuseme umepata milimita 16.05. Hiyo ndiyo namba utakayoifuata.

Kila ubao, wa kusimama na wa kulala, uwe na alama ya penseli kwenye uso wake mzuri. Matundu yapimwe kutoka uso huo, na katika mashine ya ndimi uso huohuo uangalie chini, ukigusana na meza. Jambo hili ndilo roho ya kazi nzima. Vichwa vyote viwili hupima kutoka mezani, kwa hiyo ubao ukizidi au kupungua unene kidogo, ulimi hautabadilika unene wala nafasi yake kutoka uso mzuri. Tofauti yote itajitokeza upande wa nyuma, ambako randa ya mkono itaiondoa kwa dakika chache. Fundi anayegeuzageuza mbao, huyu akitazama juu na yule chini, hupata ngazi kwenye kila kiungo hata kama kila ulimi umeingia tunduni vizuri.

Ubao uliopinda usipitishwe. Kibanio cha meza kitaulaza kwa nguvu wakati wa kukata, nao ukifunguliwa utarudia mkunjo wake pamoja na ulimi.

Kuweka vichwa

Inua kichwa cha juu mpaka kisiguse ubao kabisa, ufanye kazi na cha chini peke yake. Katika mfano wetu, ukuta wa tundu ulio karibu na uso mzuri uko milimita 14.5 kutoka uso huo, au popote kalipa itakapokuonyesha. Kichwa cha chini kiinuliwe mpaka visu vyake, vikiwa mahali pa juu kabisa pa mzunguko, viwe umbali huo juu ya meza. Kata kipande cha majaribio, ukilaze juu ya kioo au meza iliyonyooka pamoja na ubao wenye tundu, nyuso nzuri zote mbili zikiwa chini, na usogeze shavu lililokatwa mpaka likutane na ukuta wa tundu. Pitisha ukucha juu ya mpaka wao. Ukucha huhisi tofauti ambayo jicho haliioni.

Parafujo za kurekebishia zina ulegevu, na ulegevu huo hukua kadiri mashine inavyozeeka. Kwa hiyo kila rekebisho, la kichwa cha chini na la kichwa cha juu, limalizike kwa mwendo wa kupanda. Ukihitaji kushusha, shusha kupita kipimo kwa nusu mzunguko, kisha panda mpaka mahali unapopataka, ili uzito wa mota na kichwa uwe umekaa juu ya parafujo tangu mwanzo na usingoje mtetemo wa kazi uukalishe. Baada ya hapo kaza kufuli la kichwa na upime tena, kwa sababu katika mashine nyingi kukaza huko hukivuta kichwa kidogo.

Kichwa cha chini kikishakaa, kisiguswe tena. Sasa shusha cha juu kwa namna itakayoacha ulimi mnene kuliko unaohitajika kwa milimita moja hivi. Kata, pima kwa kalipa karibu na bega na karibu na ncha, kisha piga hesabu. Tuseme ulimi umetoka na milimita 17.10, na lengo ni 15.95, yaani milimita 0.1 pungufu ya tundu ili gundi ipate nafasi. Kichwa kinapaswa kushuka kwa 1.15. Kama parafujo ya mashine yako husogea milimita 4 kwa mzunguko mzima, hiyo ni zaidi kidogo ya robo mzunguko. Nashauri isishushwe yote kwa mara moja: shusha 0.9 kwanza, kata, pima, kisha maliza kilichobaki. Mizani ya zamani iliyochorwa kwa inchi iliyo kando ya gurudumu ni ya kukufikisha karibu tu. Kalipa na tundu ndivyo vinavyoamua.

Ulimi uliokaa vizuri huingia kwa kusukumwa na kiganja, ukamalizikia kwa kugongwa kidogo na nyundo ya mbao, na ubao ukiinuliwa hauchomoki kwa uzito wake. Ulimi unaohitaji nyundo nzito hukwangua gundi yote kwenye kuta za tundu na kuisukuma chini, na katika mti mgumu kama mbambakofi unaweza kuupasua ubao wenye tundu.

Mabega hurekebishwa kwa kuvisogeza vichwa kuingia au kutoka, si kupanda au kushuka. Kwa mlango wa kawaida mabega mawili yawe kwenye mstari mmoja. Kwa fremu ya dirisha yenye ngazi ya kupokea kioo, bega la upande wa ngazi huongezwa kwa kina cha ngazi hiyo, mathalani milimita 12. Kipimo kinachohitajika katika mbao za kulala ni umbali kutoka bega hadi bega, kwa hiyo unapogeukia ncha ya pili, kizuizi cha urefu kiguse bega lililokwisha kukatwa na si ncha ya ulimi. Kumbuka pia kwamba ubao unapogeuzwa ncha kwa ncha huku uso mzuri ukibaki chini, ukingo mwingine ndio unaoegemea kiegemeo. Kingo zisipokuwa sambamba, mabega ya ncha mbili hayatakuwa sambamba, na fremu itatoka kombo.

Kuusoma ulimi wenye kasoro

Ulimi mnene nchani na mwembamba shinani, au kinyume chake, huelekeza kwenye visu visivyojitokeza sawa ncha zote mbili. Vikiwa sawa, basi kichwa chenyewe kimeinama, na kitako cha mota kinahitaji kutiwa bamba jembamba upande mmoja. Ulimi ulio mnene upande ulioingia kwanza na mwembamba upande wa mwisho, au kinyume, hutokana na reli za meza zilizolika, au kufuli la kichwa ambalo halikukazwa na sasa kichwa kinahama kikiwa kazini. Kasoro inayowasumbua wengi ni ya tatu: kalipa inaonyesha unene uleule kila mara, ilhali viungo vingine vina ngazi na vingine havina. Hapo vichwa havina hatia. Takataka za mbao zimeingia chini ya ubao na kuuinua, hivyo ulimi umehama mahali pake bila kubadilika unene. Unyoya mmoja wa mbao wenye milimita 0.3 unatosha. Brashi iwe mkononi, na meza ifagiwe kabla ya kila ubao.

Kuna kasoro moja isiyotoka kwenye mashine. Kwa unyevu wa hewa ya pwani, mbao hutulia zikiwa na maji kati ya asilimia 13 na 16 hivi, na mbao zilizokaushwa bara, au kwenye tanuri, huendelea kunywa unyevu baada ya kufika hapa. Mbao nyingi hupanuka kwa karibu robo ya asilimia kwa kila asilimia moja ya maji inayoongezeka. Ulimi wa milimita 16 ukinywa asilimia tatu huongezeka kwa milimita 0.12, na nafasi yote uliyoiacha kwa ajili ya gundi imekwisha. Kwa hiyo mbao zipangwe karakanani kwa vijiti katikati, hewa ipite, kwa majuma kadhaa kabla ya kazi. Na zikishakatwa ndimi, ziunganishwe upesi. Ndimi zilizokatwa Jumatatu na kusubiri mpaka wiki ya pili ya mvua hazitaingia kama zilivyoingia siku ya kwanza.

Kazi ikiwa ya mbao nyingi, sukuma meza kwa mwendo mmoja usio wa haraka, na pima ulimi mmoja katika kila kumi, kwa sababu mota na beringi zikipata joto kipimo kinaweza kuhama kidogo. Kikihama, rekebisha kichwa cha juu peke yake. Kipande cha majaribio kilichokaa vizuri kiandikwe kwa penseli aina ya mti, kipimo cha tundu na tarehe, kisha kitundikwe ukutani karibu na mashine: kazi kama hiyo ikirudi, kichwa cha chini na cha juu vinaweza kupandishwa na kushushwa mpaka viguse mashavu yake, na nusu ya safari itakuwa imekwisha. Jioni, visu vifutwe, meza ipakwe nta na kufunikwa kwa kitambaa kikavu cha pamba. Turubai la plastiki huzuia jasho la chuma lisitoke, na asubuhi utakuta kutu.